Kupanga Zamu Hewani: Waifai ya Kupigia Simu

Mtu mwenye ofisi Ilembo, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Mpanda, akipima spidi ya intaneti yake na kukuta megabiti 20 kwa sekunde, huamini kwamba waifai yake haina tatizo. Akipiga simu kupitia waifai hiyohiyo na sauti ikaanza kukatakata, hukimbilia kununua bando kubwa zaidi au ruta yenye antena nyingi zaidi. Mara nyingi fedha hiyo huenda bure. Spidi haikuwa tatizo tangu mwanzo.

Tuhesabu. Kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa tarakimu) inayoitwa G.711, ambayo karibu kila simu ya mtandao inaielewa, hubeba sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Ukijumlisha na maelezo ya anwani yanayoambatana na kila pakiti, yaani kila kipande cha sauti kinachotumwa, unafika kilobiti 80 kwenda na 80 kurudi. Watu kumi wakiongea kwa wakati mmoja hawajafikisha hata megabiti moja kwa kila upande. Ukitumia kodeki ya G.729 unashuka hadi kilobiti 24 hivi kwa simu moja.

Kinachoisumbua sauti ni muda. Maneno ya mzungumzaji hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kila sekunde kwenda na vingine 50 kurudi, na kila kipande kina wakati wake wa kufika. Kikichelewa, simu ya upande wa pili hukitupa na kuendelea na kinachofuata, maana neno lililofika baada ya nafasi yake halina kazi. Picha ya WhatsApp ikichelewa nusu sekunde hakuna anayeona. Sauti ikichelewa nusu sekunde, wazungumzaji wanaanza kudakiana maneno na kurudia “haloo, haloo”. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linataka sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni mwa huyu hadi sikioni mwa yule, na linaweka milisekunde 400 kuwa mwisho wa kuvumilika. Mafundi wa simu huongeza masharti mawili: pakiti zinazopotea zisizidi asilimia moja, na tofauti ya kuchelewa kati ya pakiti na pakiti isizidi milisekunde 30 hivi. Namba ya spidi peke yake haikuonyeshi mambo haya, kwa hiyo inaweza kuwa nzuri huku simu zako hazisikiki.

Kwa nini mtu wa Ilembo ajisumbue na haya wakati minara ya simu ipo? Chukua kituo cha afya chenye mapokezi, maabara, wodi ya wazazi na chumba cha dawa, kila kimoja katika jengo lake. Muuguzi akitaka kujua kama majibu ya damu yametoka, ama anatembea hadi maabara na kumwacha mgonjwa, ama anapiga simu kwa salio lake mwenyewe. Ukiweka seva ndogo ya simu hapo kituoni, mapokezi yanakuwa namba 101, maabara 102, wodi 103, na simu hizo hazitoki nje ya uzio. Hazili bando hata kidogo. Mkongo ukikatika Tabora au mnara ukizimika, namba 102 bado inaita. Programu ya kufanyia kazi hiyo ipo bure: Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, na kwa kituo kidogo inatosha kuendeshwa na kompyuta ya ukubwa wa kiganja kama Raspberry Pi. Hali ni hiyohiyo kwa shule ya bweni, nyumba ya wageni au ghala la mpunga.

Wala si jambo la kubuni mezani. Kaskazini mwa Uganda, mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu Katoliki la Gulu ulianza mwaka 2007 kuunganisha kambi za watu waliokimbia vita, Pabbo ikiwa mojawapo, kwa waifai ya masafa marefu na kompyuta zinazotumia umeme wa jua. Watu wa kituo kimoja waliweza kuwapigia wa kituo kingine bila kulipia, kwa simu zilizopita juu ya mtandao huohuo. Mazingira yalikuwa magumu kuliko ya Mpanda ya leo, na ilifanya kazi.

Sasa tuingie hewani, maana huko ndiko kazi ilipo. Waifai ni kama kikao ambacho msemaji ni mmoja tu kwa wakati mmoja: kila kifaa husikiliza kwanza, hewa ikiwa kimya husema, ikiwa na kelele husubiri. Kisambazaji cha waifai na vifaa vyote vilivyoungana nacho kwenye chaneli moja vinagawana muda huo mmoja. Ndiyo maana mtu mmoja aliye mbali anaweza kuwaharibia wote. Simu iliyo pembezoni, inayopata mawimbi hafifu, hushuka hadi mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde, na kila pakiti yake ya sauti, pamoja na kusubiri zamu na kupokea jibu la “nimepata”, hula karibu milisekunde tatu za hewa. Kwa pakiti 100 kwa sekunde, simu hiyo moja imechukua zaidi ya robo ya muda wote wa kisambazaji. Simu nne za namna hiyo, na hewa imekwisha, hata kama intaneti ya nje ni ya faiba.

Dawa yake ipo kwenye mipangilio, na inashangaza jinsi isivyotumiwa. Visambazaji vingi vya kiofisi vinakuruhusu kuzima miendo ya zamani ya megabiti 1, 2, 5.5 na 11, ambayo ni masalia ya waifai ya miaka ya 1990. Ukiizima na kuanzia megabiti 12, simu ya mbali hairuhusiwi tena kuning’inia kwa mwendo wa kobe. Italazimika kutafuta kisambazaji kilicho karibu. Faida nyingine haionekani kwa macho. Kila jina la mtandao unalolitangaza hupiga mbiu yake karibu mara kumi kwa sekunde, na kwa mwendo wa megabiti 1 kila mbiu huchukua milisekunde mbili na nusu hivi. Ofisi yenye majina manne (wageni, wafanyakazi, bosi, kamera) imetoa takriban asilimia kumi ya hewa yake kwa mbiu peke yake, kabla hata mtu hajasema neno. Visambazaji vitatu vikiwa chaneli moja, ni asilimia thelathini. Bakiza majina mawili au matatu: moja la simu, moja la kompyuta, na la wageni kama kweli unao.

Kuhusu chaneli, masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ukikuta fundi ameweka chaneli 3 “kwa sababu haina mtu”, mrekebishe kwa upole, maana sasa anagongana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Bluetooth na oveni za maikrowevu zimo humohumo. Simu za sauti zihamie gigahezi 5, chaneli 36, 40, 44 na 48, kwa upana wa megahezi 20. Upana wa megahezi 80 unapendeza kwenye kipimo cha spidi, lakini unazimeza chaneli zote hizo nne kwa mkupuo na kukuachia hewa moja ya kugombania. Chaneli za kuanzia 52 hadi 144 zinatumika pia na rada, na sheria za masafa hukitaka kisambazaji kisikilize kwa dakika nzima kabla ya kuzitumia na kuhama mara kinapohisi rada. Kwa kompyuta hilo halina shida. Kwa simu iliyo katikati ya mazungumzo, ni kukatika.

Majengo ya Mpanda yana tabia yake. Ukuta wa tofali za kuchoma hupunguza mawimbi kwa kiasi. Zege lenye nondo hupunguza zaidi. Bati huyarudisha karibu yote. Kwa hiyo kisambazaji kilichofungwa juu ya paa la bati ili “kirushe mbali” kitafika hadi barabarani na kumwacha muuguzi aliye chini yake bila kitu. Kifungwe ndani, chini ya dari, kwenye jengo ambalo watu wanaongelea. Kila jengo na lake, vyote vikiunganishwa kwa waya. Nasisitiza waya. Vile vifaa vya kurefusha waifai vinavyochomekwa ukutani hupokea pakiti na kuirusha tena kwenye chaneli ileile, hivyo kila neno linasemwa mara mbili hewani. Kwa kusoma barua pepe sawa. Kwa sauti ni kujitafutia lawama.

Mawimbi yawe na nguvu gani? Kwa simu za sauti, wataalamu wengi hutumia kipimo cha desibeli hasi 67 mahali popote ambapo mtu ataongea, na yazidi kelele za hewani kwa desibeli 25. Programu za bure za simu za Android zinaonyesha namba hiyo. Kumbuka kila desibeli tatu ni nusu: hasi 70 ni nusu ya nguvu ya hasi 67, na hasi 73 ni robo yake. Vistari vya waifai juu ya kioo cha simu havikuambii tofauti hiyo.

Halafu kuna kosa ambalo wenye nia njema hulifanya, la kupandisha nguvu ya kisambazaji hadi mwisho. Simu ya mkononi ina betri ndogo na antena ndogo. Haiwezi kujibu kwa sauti kubwa kama kisambazaji. Matokeo yake ni ile hali ya “nakusikia vizuri, wewe hunisikii?” Mawimbi yanakwenda, hayarudi. Shusha nguvu ya kisambazaji ikaribiane na ya simu dhaifu kuliko zote ulizonazo, na kama kuna kona inabaki gizani, ongeza kisambazaji kingine hapo.

Mipangilio inayobeba uzito mkubwa kuliko yote ni ile iliyoandikwa WMM. Inatokana na kanuni ya 802.11e ya mwaka 2005, na inagawa pakiti katika makundi manne: sauti, video, kazi za kawaida na kazi zisizo na haraka. Pakiti ya kundi la sauti husubiri muda mfupi zaidi kabla ya kuchukua zamu. Hakikisha imewashwa. Lakini kuiwasha hakutoshi, na hapa mafundi wengi wanaishia njiani. Simu huandika juu ya kila pakiti ya sauti alama ya DSCP, ambayo kwa sauti ni 46. Ukiiandika 46 kwa tarakimu za sifuri na moja inakuwa 101110. Visambazaji vingi vimezoea kusoma tarakimu tatu za mwanzo tu, 101, ambayo ni 5, na katika waifai 5 ni kundi la video. Sauti inakaa benchi moja na kamera za ulinzi na YouTube, na mwenye ofisi anaapa kwamba kipaumbele kipo. Waraka wa RFC 8325 wa mwaka 2018 ulitolewa kunyoosha jambo hilo: 46 isomwe kama 6, ambayo ni kundi la sauti. Tafuta ukurasa wa tafsiri ya DSCP kwenye kisambazaji chako na uandike hivyo kwa mkono. Angalia pia kwamba swichi iliyo kati ya seva na kisambazaji haizifuti alama hizo njiani.

Mtu anayetembea ana shida yake. Muuguzi anatoka wodini akiongea, anapita uwanjani, anaingia maabara. Simu yake lazima ikiache kisambazaji cha kwanza na kukishika cha pili bila sentensi kuvunjika. Uamuzi wa kuhama ni wa simu yenyewe, na simu nyingi hung’ang’ania kisambazaji cha zamani hadi mawimbi yamekaribia kufa. Kuzima miendo ya polepole kunasaidia. Kupanga maeneo yaingiliane kwa asilimia 15 hadi 20 kunasaidia pia, ili cha pili kiwe tayari kinasikika kabla cha kwanza hakijapotea. Usalama nao una gharama: mtandao unaomtaka kila mtumiaji ajitambulishe kwa seva iliyo mbali unaweza kuchukua sekunde nzima kila anapohama, isipokuwa kama kanuni ya 802.11r, ya mwaka 2008, imewashwa na simu zinaielewa. Kwa kituo kidogo ningechagua WPA2 au WPA3 yenye nywila moja ndefu kwa mtandao wa simu tu, nywila isiyobandikwa mapokezini. Zana ikiwa na 802.11k, inayoiambia simu majirani waliopo, iwashwe.

Simu pia hupenda kusinzia ili kuokoa betri. Ikisinzia ovyo, kisambazaji huzishika pakiti hadi iamke, na kuchelewa huko kunaweza kufika milisekunde 100. Mpangilio unaoitwa U-APSD huiruhusu simu kuzichukua pakiti zake kila inapotuma ya kwake, kwa hiyo inasinzia kati ya pakiti na pakiti bila sauti kuumia. Kwa wanaotumia simu za kawaida za Android zenye programu kama Linphone, kuna jambo la ziada: mfumo wa kuokoa betri huifunga programu ikikaa kimya, na mpigaji anaambiwa hayupo hewani wakati simu iko mfukoni. Iondoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazobanwa.

Ukitaka simu zitoke nje ya uzio, tatizo linahamia kwenye foleni ya ruta. Pakiti kubwa ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 12 kupita kwenye njia ya kupandisha ya megabiti 1. Mtu akipandisha video na ruta ikazipanga pakiti zake 100 kwenye foleni, pakiti ya sauti inayofuata inasubiri sekunde moja na nukta mbili. Chagua ruta yenye usimamizi wa foleni wa CAKE au FQ-CoDel, na iwekee kikomo cha kama asilimia 90 ya kasi unayoipata kweli, ili foleni ikae kwenye ruta yako unayoitawala, isikae kwa mtoa huduma. Ukiona simu zinaita lakini sauti haipiti, au inapita upande mmoja, zima kitu kinachoitwa SIP ALG. Kiliwekwa kusaidia, na kwa ruta nyingi kinaharibu. Intaneti ikiwa ya satelaiti za zamani, zile zilizosimama kilomita 35,786 juu ya ikweta, safari ya kupanda na kushuka peke yake ni karibu robo sekunde. Hakuna mpangilio utakaoifuta.

Kama majengo yako yako mbali, tuseme ofisi iko Ilembo na shamba liko kilomita tano, antena mbili zinazotazamana kwa gigahezi 5 zitabeba simu bila taabu, ila kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi hujaza nafasi yenye nusu kipenyo cha karibu mita nane katikati ya njia hiyo, na angalau asilimia sitini ya nafasi hiyo iwe wazi. Mti unaoyaachia mawimbi nafasi mwezi Septemba unaweza kuwa kizuizi Januari, majani yakiwa yamejaa na kulowa mvua. Pima ukifikiria masika.

Umeme nao ni sehemu ya mpangilio. Mpanda iliwashwa kwa miaka mingi na majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya gridi ya taifa, na wenyeji wanajua vizuri maana ya kukatika. Ruta nyingi na visambazaji vingi vinatumia volti 12, 24 au 48 za mkondo mnyoofu (DC), kwa hiyo betri na paneli ya sola vinaweza kuviendesha bila inveta. Seva, swichi na visambazaji vyote viwe kwenye betri hiyo. Kimoja kikiachwa kwenye umeme wa ukutani, simu zote zinakufa nacho. Nguzo yenye antena ifungwe waya wa ardhini, radi za mkoa huu wa Katavi hazina utani.

Kisheria, kupigiana ndani ya uzio wako na kuziingiza simu hizo kwenye mitandao ya umma ni mambo mawili tofauti. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, huduma ya kuunganisha na umma ni ya wenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa hiyo laini ya nje ichukuliwe kwa mtoa huduma aliyesajiliwa. Ikishapatikana, jambo la kwanza la kujaribu ni 112, namba ya dharura, kutoka kwenye kila simu, wodini na getini. Mtu mwenye hofu hatakumbuka kwamba kwenye simu za ofisi anatakiwa kuanza na 9. Seva iruhusu 112 ipite na tarakimu hiyo au bila hiyo.

Kupima kazi yote kunahitaji watu watatu na saa yenye watu wengi, si Jumapili jioni. Mmoja akae mapokezi, mwingine azunguke kila jengo, kila korido, choo na stoo, akihesabu kwa sauti moja hadi mia na kurudia, huku mtu wa tatu akipakua faili kubwa kwenye kompyuta. Aliyekaa aandike kila namba asiyoisikia na mahali mwenzake alipokuwa. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia ni ukuta gani unahitaji kisambazaji, na ni chaneli gani ya kubadilisha kesho asubuhi.